Mipungate ya Shemeji

Siku niliyomkuta dada yangu anaufunika ugonjwa kwa kanga ili usipigwe na jua, nilijisemea, basi, leo huyu naondoka naye. Nilikuwa nimetoka kwangu Likombe, mjini, asubuhi na kapu langu la mikate na sukari, nimefika kwake jasho linanichuruzika, na hata shikamoo yangu aliiitikia nusunusu. Alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha banda la mbuzi. Mbele yake karai limejaa vipande vya mpungate, na kila kipande kimejaa vidonge vyeupe vyenye manyoyamanyoya. Mimi ni fundi wa kushona, mito nimeshona ya kutosha; vile vidonge vilikuwa kama pamba inayochungulia kwenye mto uliofumuka.

“Dada, nini hivi?”

“Wadudu. Usiwapumulie.”

Usiwapumulie! Mtu mzima, mwenye wajukuu, ananiambia mimi nisiwapumulie wadudu. Nikavuta kigoda nikakaa mbali, nikamtaka anieleze taratibu kama anavyomweleza mgeni. Akanieleza. Sikuelewa. Akarudia, na safari hii nikaelewa kidogo kuliko mwanzo.

Niuseme kwanza huo mpungate wenyewe. Ni mmea wa miiba usio na majani ya kueleweka: vipande bapa, vinene, kimoja kimeota begani kwa mwenzake, na matunda mekundu yenye vijimwiba ambavyo huvioni mpaka vimeshakuingia. Aliyeuleta pale ni shemeji yangu, mume wa dada, Mungu amrehemu. Kijiji chao kiko upande wa mto Ruvuma, ardhi inapoteremka kabla hujaikuta mikoko, na shamba lake la mikorosho lilipakana na uwanda wa malisho. Mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wanamwingilia. Akatafuta uzio. Waya unaibiwa, alisema, na nguzo zinaliwa na mchwa, lakini mpungate hauibiwi wala hauliwi. Kwa hilo alisema kweli tupu.

Alipofariki tukamzika pembeni mwa mikorosho yake, kama alivyotaka, na uzio wake ukaanza kutembea. Kila kipande kilichoanguka kilitoa mizizi. Nyani walikula matunda wakaenda kuzimwaga mbegu huko walikokwenda kujisaidia. Ule uwanda niliouzoea wa nyasi mpaka chini bondeni ukawa miiba mitupu, ukitaka kupita unajikunja kama unapita katikati ya watu wanaogombana. Hata kaburini kwake uliota mmoja, upande wa kichwani, ukawa mrefu kuliko yeye alivyokuwa hai. Huo dada hakuugusa. “Umemfuata,” alisema.

Mbuzi hawakuwa na pengine pa kula. Wakila yale matunda, ulimi unavimba, mate yanawatoka, wanasimama tu wanakutazama. Mimi ndiye niliyempelekea dada kibanio cha nyusi kutoka mjini. Nikawa nashuhudia anavyombana mbuzi kwa magoti, anamfungua kinywa, anachomoa vijimwiba kimoja kimoja huku anamwambia pole baba, pole, tunamaliza sasa hivi. Wengine walipona. Wengine walikonda mpaka wakafa, na kila aliyekufa dada alikaa siku hiyo bila kula.

Na mbuzi hao ndio waliokuwa wanamweka pale. Watoto wake wako mbali, hawataki mama yao akae peke yake porini, na yeye jibu lake lilikuwa moja: “Nani atawaangalia mbuzi wangu?” Wakakubaliana naye kwa shingo upande. Mbuzi wakiwepo, abaki. Mbuzi wakiisha, ahamie kwangu Likombe. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha chumba. Nilikipaka rangi ya kijani anayoipenda, nikatia kitanda, nikashona pazia la maua. Tumebaki wawili tu katika tumbo la mama yetu. Nilimtaka, nasema waziwazi, na kila nikipigiwa simu kwamba mbuzi kafa nilisikitika kwa dhati, halafu nikajikuta naenda kukung'uta lile godoro. Sasa mtu wa namna hiyo utamwita nani?

Wale wadudu waliletwa na binti mmoja afisa wa kilimo, mtoto wa mikoa ya juu, mwenye buti za mvua na Kiswahili cha ofisini. Kesho ya siku ile ya karai alikuja kuangalia kazi, nami nikambana palepale kwenye banda.

“Mama, huu mpungate asili yake ni ng'ambo,” akasema. “Huko kwao una adui wake, ambaye ndiye huyu mdudu. Huku uliletwa peke yake, adui akabaki. Ndiyo maana umetamba.”

“Kwa hiyo mmekwenda kumfuata adui.”

“Ndiyo, mama.”

“Akishaumaliza mpungate?”

“Anakufa njaa. Hali kitu kingine.”

“Hata mikorosho?”

“Hata mikorosho. Walimjaribu kwenye mimea mingine, akafa hajaonja.”

“Kunguru nao walikuja hivyohivyo,” nikamwambia. “Eti wameletwa Unguja kula uchafu. Leo wananichukulia vifaranga Likombe!”

Binti akacheka, akasema kunguru anakula chochote, tatizo lake ndilo hilo. Huyu mdudu mdomo wake haujui chakula kingine. Akaeleza kwamba wanatiwa mvua zikikatika, maana mvua kubwa inawasomba, na kwamba kazi yao ni ya polepole, wananyonya na kunyonya mpaka mpungate wenyewe unalegea. Alikwisha kuitisha mkutano wa kijiji akawaomba watu wasiipulizie ile mipungate dawa yoyote. Alisema yote kwa adabu, na nilimwelewa kabisa muda wote aliokuwa amesimama mbele yangu. Alipopanda pikipiki yake akaondoka, akili ikanivurugika upya.

Maana sisi watu wa huku tumelelewa na mkorosho. Ukiona weupe kwenye maua yake, huo ni ugonjwa wa ubwiriunga, na ubwiriunga hauulizwi umetoka wapi. Unakimbilia salfa, unapuliza, lile vumbi la njano linajaa shamba zima na nyusi zako juu. Mtoto wa huku anaijua harufu ya salfa kabla hajajua kusoma. Leo naambiwa nikiona weupe nishukuru. Nimwombee mdudu afya. Jamani!

Dada yeye wala hakuwa na shaka. Alichana kanga zake kuukuu vipandevipande, akawa anafunga vile vipande vyenye wadudu kwenye mipungate mizima, uzio mzima na uwandani kote alikoweza kufika. Alifunga kila mahali isipokuwa kaburini. Nilimwonyesha kwa kidole, nikamwuliza, “Na ule?” Akajifanya hajasikia. Asubuhi akishaswali anakwenda kuwatazama, anarudi anatabasamu kama mtu aliyetoka kumwona mzazi na mwanawe mchanga. Siku moja alimminya mmoja mbele yangu, ikatoka rangi nyekundu ikamtapakaa kidoleni, nyekundu kwelikweli. “Unaona? Anakula vizuri,” akasema. Nikampangusia ile rangi kwa leso yangu, na mpaka leo haijatoka.

Nilipokwenda tena, ule weupe ulikuwa umetanda. Mipungate ya mwanzo ilikuwa imeanza kupauka pembeni. Lakini dada jicho lilikuwa jekundu, limevimba, kijimwiba kimemwingia wakati anawafungia wadudu wake, na yeye alikuwa anajipaka maji ya chumvi. Hapo sikubembeleza. Nilimpakia, nikampeleka hospitali mjini, akatolewa mwiba, akaambiwa apumzike. Akalala kwenye chumba cha kijani.

Nilifurahi, sifichi. Nilimpikia samaki, nilimpikia wali wa nazi, nikamtandikia mwenyewe. Jioni nikampeleka Shangani apate upepo, maana watu wa mjini ndiko wanakokwenda kunyoosha miguu. Dada akasimama pembeni ya barabara, bandeji jichoni, akawatazama wanaokwenda na wanaorudi.

“Hawa wanakwenda wapi?”

“Hawaendi popote. Wanatembea.”

“Wanarudi mikono mitupu?”

“Ndiyo, dada. Wanafanya mazoezi.”

Akawatazama tena, kwa huruma kabisa, akaniuliza kama hawana mifugo. Usiku ule nilimsikia anamuuliza jirani kwa simu kama mbuzi wamekunywa maji, na nikajua chumba changu cha kijani kwake ni wodi tu. Niliumia. Halafu nikajisuta, maana mgonjwa akitamani kwake ni dalili kwamba anapona, kisha nikaumia tena.

Tulirudi pamoja, na kabla hatujafika nyumbani nilisikia harufu. Salfa. Dada akaharakisha hatua. Kwenye mkeka wake uani walikuwa wamekaa wanaume wa jirani, nyusi za njano, wamezungukwa na mashine zao za kupulizia, na katikati yao alikuwa mtani.

Huyu mtani ni mzee wa ukoo unaotaniana na ukoo wa shemeji, na utani wao haukuwa wa mchezo. Siku ya maziko alilala kizingitini akazuia jeneza lisitoke mpaka alipopewa kofia ya marehemu, na kofia hiyo anaivaa mpaka kesho. Mzee huyo anamwita dada “mke wangu”, anasema anangoja tu jibu la posa. Msimu ule wa maua ya mikorosho alikuwa Nanyamba na mashine yake, anapulizia mashamba ya watu, kwa hiyo mkutano wa yule binti hakuukuta. Aliporudi na kuambiwa dada yuko hospitali, akakusanya wenzake wa mashine, aliokuwa nao huko. Huko kwetu shamba la mjane haliachwi msimu ukapita. Mwenye mashine anakwenda analipuliza, na anayepuliziwa anatoa chai.

“Mke wangu!” akamwita alipomwona. “Pole na jicho. Tumemaliza shamba lote. Lakini nimeona maajabu mwaka huu, wallahi. Ubwiriunga umepanda mpaka kwenye miiba! Uzio wote mweupe, uwandani kote mweupe. Nikasema huu ukirudi kwenye mikorosho tumekwisha. Nikaupiga salfa, halafu nikaurudia kwa dawa ya maji, ile ya kuulia mbu wa mikorosho. Hakuna kilichobaki hapo!”

Wenzake wakaitikia, na mmoja akasema haikuwa kazi ndogo, miiba iliwachoma sana. Walikuwa wanangoja shukrani, na walistahili. Nilikimbia mpaka kwenye uzio. Vile vidonge vilikuwa vimenyauka, vimeshikana na vumbi la njano, nikivigusa vinadondoka kama makapi. Na mipungate ilisimama palepale, mizuri, ya kijani, imetibiwa bure.

Niseme nini? Kicheko kilinipanda na kilio kilinipanda, vyote pamoja. Mbuzi mmoja alikuwa ameegemea banda mate yanamtiririka. Nikafikiri: msimu umekwisha, wadudu wamekwisha, mbuzi nao wanakwisha, dada atakuja Likombe. Moyo uliruka kwa furaha, nauapia. Nikageuka nikamwona dada anawamiminia chai wale wanaume, anawaambia asanteni, Mungu awalipe, na anamimina mpaka chai inafurika kwenye sahani. Nikataka kuirudisha ile furaha nilikoitoa, sikujua inarudishwaje.

“Mtani,” nikasema, maana mimi siwezi kukaa na jambo, “umemtibu adui yetu, mpungate.”

Nikamweleza. Nilieleza ovyo, kama nilivyoelewa, na wale wanaume wakanitazama kama mimi nilivyomtazama dada siku ile ya karai. Mdudu mzuri? Ugonjwa wa kupanda? Mtani akavua ile kofia, akaishika magotini.

“Yaani nimeiua mifugo yako, mke wangu,” akasema.

“Hukujua,” dada akamjibu. “Kunywa chai.”

Akanywa kidogo. Kisha, kwa kutafuta la kusema tu, akasema, “Pale kwa mwenyewe ndipo sikupuliza. Palikuwa peupe pia, lakini nikasema marehemu alikuwa na kifua. Nikimpiga salfa atakohoa, na akianza kukohoa yule mtu hatulali.”

Dada akaliweka birika chini. Hakuaga. Aliondoka na kanga moja, akashika njia ya kaburini, nasi sote tukamfuata, wanaume na vikombe vyao mikononi.

Ule mpungate wa kichwani kwa shemeji ulikuwa mweupe kuanzia chini mpaka juu. Hakuna aliyefunga kipande pale. Upepo ndio uliowapeleka, na siku zile dada alipokuwa kwangu walikuwa wamejazana mpaka huoni kijani. Wazima kabisa. Mtani akaminya mmoja, akaona ile nyekundu, akasema astaghfirullah, akajifuta kwenye suruali.

Nikampigia simu yule binti wa kilimo. Akaniambia kateni vipande hivyohivyo, vifungeni upya sehemu ambazo dawa haikufika sana, na kwingine mngoje kwanza dawa ipungue nguvu. Kabla ya mvua watakuwa wameshika tena. Nikamwuliza, na huu wenyewe? Akasema huo hautapona, mama, huo umeshaliwa. Nikakata simu nikamweleza dada, kwa sauti ndogo, maana nilijua ninamwambia nini. Nyumba ya shemeji ilishajengwa upya na watoto, nguo zake ziligawiwa, kofia anayo mtani. Kilichobaki kimesimama badala yake kilikuwa ule mpungate uliomfuata, nao dada alikuwa anausalimia kila Ijumaa anapokwenda kumsomea.

Mimi nikasema, na sijui nilisema kwa ajili ya nani, “Dada, si lazima. Unaweza kuja nyumbani.”

Akaninyooshea mkono. “Nipe panga.”

“Dada.”

“Kauleta mwenyewe,” akasema. “Acha auondoe mwenyewe.”

Akakata kipande cha kwanza. Mtani akatandaza koti lake la kupulizia chini, akavipokea kimoja kimoja, taratibu, kama mkunga, huku anamtania marehemu kwamba amempata leo, tangu azikwe hajafanya kazi. Dada akacheka. Alicheka machozi yanamtoka kwenye jicho zima na kwenye lile bovu. Wanaume wakachana hata vitambaa vya kufungia pua, tukafunga mpaka jua likachwea, na mimi nikafunga pamoja nao, nikachomwa vidole vyote. Sikuwa nimeamua nataka nini. Mikono ilikuwa inafunga tu.

Mwaka umepita. Mipungate ililegea ikalala chini, ikaoza, ikanuka, watu wakalalamika, kisha mvua zikaja na nyasi zikatoka katikati ya ule uozo. Si uwanda wote; kuna upande wa bondeni bado ni miiba, na mtani ndiye anayepeleka wadudu huko sasa, anawaita wakwe zake. Kibanio cha nyusi nimekikuta kimetundikwa ukutani kimeota kutu. Kaburini hakuna kinachosimama. Dada ameweka jiwe kichwani, basi, na ukikaa hapo unauona mto mpaka kwenye mikoko.

Tulikaa hapo mimi na yeye, juzi tu, mbuzi wanakula mbele yetu, vinywa vikavu.

“Kile chumba bado kipo?” akaniuliza.

Nikamgeukia haraka. “Kipo, dada. Hakuna anayekitumia.”

“Weka kuku,” akasema. “Kunguru hawatawapata humo.”

Nilicheka, akacheka, akanipa maziwa ya mbuzi kwenye chupa nirudi nayo. Nilipofika Likombe nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kijani, nikafungua lile pazia la maua, nikakaa kitandani na chupa yangu mapajani. Nilikuwa na furaha kwa ajili yake, wallahi nilikuwa na furaha, na nililia mpaka maziwa yakapata moto.